Namba za Kwenye Boksi

Nilianza kuuza kompyuta mwaka 1986, London, katika duka moja la Tottenham Court Road. Siku hizo barabara hiyo ilijaa maduka ya redio, kamera, televisheni na kila kikorokoro kinachochomekwa kwenye umeme. Mimi nilikuwa mwanafunzi kutoka Mombasa, natafuta kodi ya chumba. Tajiri wangu alikuwa Mhindi wa Kampala, mmoja kati ya makumi ya maelfu waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Alinisikia nikizungumza Kiswahili na mwenzangu mlangoni, akatoka nyuma ya kaunta, akaniuliza kwetu ni wapi, na kabla sijamaliza kujibu akaniambia nije Jumamosi kuanza kazi.

Kazi yenyewe ya mwanzo ilikuwa kukariri. Kila mashine dukani ilikuwa na karatasi ya sifa zake: prosesa gani, inakwenda megahezi ngapi, ina kumbukumbu ya kilobaiti ngapi, inatoa rangi ngapi na sauti ngapi. Namba hizohizo zilichapwa ubavuni mwa boksi ili mteja azione kabla ya bei. Nilizishika zote, nikazipenda. Miaka iliyofuata niliona mashine zenye namba nzuri zikianguka na zenye namba duni zikiitawala dunia. Ninayasimulia haya leo kwa sababu vijana wa nyumbani kwangu wananunua simu na kompyuta kwa kusoma ubavu wa boksi, na wanabishana vilevile tulivyobishana sisi.

Msomaji wa leo lazima aelezwe jambo moja kwanza. Wakati ule Commodore, Atari, Acorn, Sinclair, Amstrad, Apple na IBM hawakuuza bidhaa moja yenye nembo tofauti. Kila mmoja alikuwa na dunia yake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Atari haikufunguka kwenye Commodore, na diski ya Acorn mbele ya Macintosh ilikuwa kipande cha plastiki tu. Ukinunua mashine, umenunua pamoja nayo programu zake, magazeti yake, vifaa vyake na jamaa wanaoitumia. Ukihama, unaviacha vyote. Kwa hiyo hakuna aliyekubali kwa urahisi kwamba ya jirani ni bora kuliko yake.

Mashine iliyowatikisa watu kuliko zote ilikuwa Amiga. Commodore waliizindua tarehe 23 Julai 1985 huko Lincoln Center, New York, na mchoraji Andy Warhol akaitumia jukwaani kuchora sura ya mwimbaji Debbie Harry. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Motorola 68000 yenye kasi ya megahezi 7 hivi, na chipu tatu maalumu zilizotokana na kazi ya Jay Miner na wenzake, zilizopewa majina Agnus, Denise na Paula. Agnus ilihamisha picha ndani ya kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, Denise ilipeleka rangi kwenye skrini, na Paula ilitoa sauti ya stereo kwa chaneli nne. Mashine iliweza kuonyesha rangi hadi 4,096 na kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja.

Mpinzani wake wa karibu alikuwa Atari ST. Jack Tramiel, mwanzilishi wa Commodore, aliiacha kampuni yake mwanzoni mwa mwaka 1984, na katikati ya mwaka huohuo akanunua kitengo cha kompyuta za nyumbani cha Atari kutoka kwa Warner. Mwaka uliofuata alikuwa na ST sokoni: prosesa ileile ya 68000, megahezi 8, kilobaiti 512 za kumbukumbu, bei ya chini. Haikuwa na chipu za ajabu kama za Amiga, lakini ilikuwa na matundu ya MIDI ya kuunganishia vinanda vya umeme.

Kisha kulikuwa na PC. Ile ya kwanza ya IBM ilitoka Agosti 1981 ikiwa na prosesa ya Intel 8088, megahezi 4.77. Prosesa hiyo ilihesabu kwa biti 16 ndani kwa ndani, ila ilizungumza na kumbukumbu kwa biti 8 tu kwa mkupuo. Mfumo wake wa MS-DOS uliendesha programu moja kwa wakati, na programu hizo zilibanwa ndani ya kilobaiti 640. Sauti ilikuwa mlio wa kispika kimoja kidogo. Ukitaka picha za rangi kwa kadi yake ya mwanzo, ulipata rangi nne, tena zilizokwisha kuchaguliwa na kiwanda.

Kama namba zingekuwa hakimu, kesi hiyo ingekwisha kabla ya chai ya saa nne. Wahandisi wengi waliipenda 68000, na walikuwa na sababu. Lakini Jumamosi baada ya Jumamosi nilimwona tajiri akiwauzia watu wazima mashine ambazo karatasi ilizidharau, nao wakarudi kununua ya pili na ya tatu.

Vijana ndio waliokuja na namba kichwani. Walisimama mbele ya Amiga na ST wakipimana nguvu: hii ina rangi zaidi, ile ina kasi zaidi ya karibu megahezi moja. Walizijua karatasi kuliko mimi. Wengi wao waliondoka bila kununua, na walionunua, mara nyingi walichukua ile aliyonayo rafiki yao wa shuleni, kwa sababu huko ndiko watakakoazimana diski. Baada ya mabishano yote ya megahezi, kilichoamua ni nani anakaa dawati la pili.

Namkumbuka mpiga muziki mmoja aliyekuja akitafuta kompyuta ya studio yake ya nyumbani. Nilimkimbiza moja kwa moja kwenye Amiga nikamsifia Paula na chaneli zake nne. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza MIDI inachomekwa wapi. Nikamwambia kuna kijisanduku kinachouzwa kando. Akageukia ST. Hakuhitaji kompyuta impigie muziki. Alikuwa na vinanda vya kutosha, na alichotaka ni mashine ya kuviamrisha vyote vianze pamoja na visimame pamoja. Aliondoka na ST na skrini yake ya nyeusi na nyeupe. Programu ya Cubase ilipotoka mwaka 1989, ilitoka kwanza kwa ST, na studio nyingi za Ulaya ziliendelea kuitumia mashine hiyo hata baada ya Atari kuacha kuitengeneza.

Skrini ile ya nyeusi na nyeupe ilinifunza kitu kingine. Ilikuwa na nukta 640 kwa 400, na picha yake ilijichora upya mara 71 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ilitulia kama maandishi ya kitabuni. Amiga ya Ulaya ilifuata mwendo wa televisheni, mara 50 kwa sekunde, na ukitaka mistari mingi kiasi hicho ilibidi iichore kwa zamu, nusu ya mistari sasa na nusu baadaye, na herufi zikatetemeka. Mtu aliyekuja kuandika tasnifu au kupanga kurasa za jarida aliketi mbele ya Amiga dakika kumi akaanza kufikicha macho. Karatasi ilisema rangi 4,096 dhidi ya rangi mbili. Macho yalisema kinyume, na hakuna boksi lililochapwa neno juu ya macho.

Mwishoni mwa mwaka ule wa 1986 ndipo Amstrad wa Alan Sugar walipotoa PC1512, PC ya bei nafuu iliyoanzia pauni 399 kabla ya kodi. Watu waliokuwa wakizitazama PC kwa mbali kwa sababu ya bei wakaingia madukani: wahasibu, mawakili, wenye karakana ndogo. Hawakuuliza kuhusu prosesa. Waliuliza kama itaendesha programu wanazozijua ofisini. Jambo moja tu la kiufundi liliwasumbua, nalo lilikuwa feni. Amstrad hawakuiwekea feni, kwa kuwa kifaa cha kugawa umeme, ambacho ndicho hutoa joto jingi, kilikuwa ndani ya skrini. Uvumi ukaenea kwamba mashine itaungua. Sugar alishikilia kwamba feni haihitajiki, kisha akaiweka, maana wanunuzi wa makampuni walitaka feni. Hiyo ni sifa ya mashine iliyotiwa ndani ili iwepo kwenye karatasi, na mauzo yakaendelea. Tajiri alikipenda sana kisa hicho. Kila mtu alipoanza kumhubiria namba, alimwuliza kwa upole kama na yeye anataka feni.

Mteja aliyenifungua macho alitoka nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya themanini aliingia mzee mmoja mfanyabiashara wa Dar es Salaam, kofia ya kiua kichwani na koti zito juu ya kanzu, akitafuta kompyuta ya kuwekea hesabu za duka lake la jumla Kariakoo. Hilo halikuwa jambo dogo. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na mlango ulianza kufunguka taratibu biashara ilipolegezwa katika miaka ya themanini. Mtu binafsi kununua kompyuta London na kuipeleka Kariakoo kulikuwa bado ni habari ya kusimulia.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, na uso wake ukachanua.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe iliyo bora."

Nikamwonyesha Amiga. Nikamwekea picha za rangi, nikamfungulia programu mbili pamoja, nikampigia muziki. Alifurahi kama yeyote angefurahi. Kisha akaniuliza: "Ikifa, nani anaifufua Dar?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kwa utulivu. Kijana anayemtunzia hesabu alikuwa na kazi mchana katika shirika moja la umma, na jioni huja kwake. Huko ofisini wana PC ya msaada wa wafadhili, na kijana amejifunza Lotus 1-2-3, ile programu ya lahajedwali iliyotoka mwaka 1983 na kuwafanya wahasibu wa nchi nyingi wanunue PC kwa ajili yake tu. "Hicho cha rangi kijana wangu hakijui," akasema. "Mimi nina Peugeot 504. Unadhani niliinunua kwa injini? Niliinunua kwa kuwa hata ikivunjika Singida, spea ipo na fundi yupo."

Tajiri, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye kaunta, akacheka kwa sauti. Akamletea kloni ya PC, mashine isiyo na jina kubwa, iliyounganishwa kwa vipuri vya Taiwan, yenye diski ngumu ya megabaiti 20 na skrini ya kijani. Wakaongea umeme wa Dar, unavyopanda na kushuka, na mzee akanunua stabilaiza papo hapo. Plagi ya Uingereza na ya Dar ni ileile, hilo halikuwa tatizo. Akanunua na kifaa cha akiba cha kugawa umeme.

Baada ya hapo nikaanza kuitazama PC kwa jicho jingine. Nguvu yake haikuwa ndani ya prosesa. IBM walikuwa na haraka mwaka 1981, wakaijenga kwa vipuri vya watu wengine, wakachapisha hata michoro ya saketi zake katika kitabu cha mafundi. Kilichokuwa chao hasa ni BIOS, programu ndogo inayoiamsha mashine. Compaq wakaandika BIOS yao wenyewe bila kunakili ya IBM, wakatangaza kompyuta yao ya kubebeka mwaka 1982, na makampuni mengine yakafuata njia hiyo. Microsoft kwa upande wao walibaki na haki ya kuuza MS-DOS kwa yeyote. Kufikia mwaka 1986 Compaq walitoa PC yenye prosesa ya Intel 80386 kabla ya IBM wenyewe. PC haikuwa tena mali ya mtu mmoja.

Ndani ya sanduku kulikuwa na nafasi za kadi. Picha mbaya? Toa kadi, weka nyingine. Sauti hamna? Subiri, mtu wa Singapore atatengeneza kadi ya sauti, na kweli Creative wakatengeneza Sound Blaster mwaka 1989. Diski imejaa? Weka kubwa zaidi. Karatasi ya mwaka 1981 ilikuwa ya aibu, lakini ilikuwa karatasi inayoweza kuandikwa upya kila mwaka na watu wasiofahamiana. Karatasi ya Amiga ilikuwa nzuri, na kwa mashine waliyonunua wengi, Amiga 500 ya mwaka 1987, ilikuwa imefungwa ndani ya kibodi.

Sitaki mtu afikiri kwamba Amiga ilishindwa papo hapo. Mwaka 1989 iliuzwa Uingereza kwa pauni 399 pamoja na mchezo wa Batman, na kwa watoto wa wakati ule hakuna mashine iliyokaribia. Kule Marekani, kuanzia mwaka 1990, watu wa televisheni walinunua Amiga ili kutumia Video Toaster, kifaa kilichowapa kwa bei ndogo kazi iliyohitaji studio nzima. Kifaa hicho kilifuata mfumo wa televisheni wa Marekani, kwa hiyo kwetu Ulaya, na nyumbani Afrika Mashariki pia, hakikufaa. Namba zilezile za Amiga zilikuwa mtaji upande mmoja wa bahari na pambo upande wa pili.

Tatizo lilikuwa kwamba waandishi wa michezo waliandika programu zao wakizigusa zile chipu moja kwa moja, bila kupitia mfumo endeshi, ili wakamue kila tone la kasi. Chipu zikawa msingi usiogusika. Commodore walipotoa Amiga 500 Plus mwaka 1991 ikiwa na mfumo mpya, michezo kadhaa ya zamani ikagoma. Kila hatua ya mbele ilihatarisha hazina iliyowavuta watu tangu mwanzo, na kampuni ikapiga hatua chache mno, tena kwa kuchelewa.

Kisha ikaja Desemba 1993 na mchezo wa Doom wa kampuni ya id Software. Mtu mmoja aliuleta dukani kwenye diski, tukauweka kwenye PC ya 486 iliyokuwa dirishani, na kazi ikasimama. Watu waliacha hata kuuliza bei. Wapenzi wa Amiga walisimama nyuma kimya, maana waliona mara moja kwamba mashine yao ya kawaida haitauweza.

Sababu yake ni somo zima la mada hii. Amiga iliitunza picha kwa matabaka: rangi ya nukta moja ilitawanywa katika matabaka kadhaa ya kumbukumbu. Mwaka 1985 huo ulikuwa werevu mkubwa, kwani uliokoa kumbukumbu iliyokuwa ghali na kurahisisha kuzisogeza picha pembeni, kama michezo ya wakati ule ilivyotaka. PC yenye VGA, iliyotoka mwaka 1987, iliweza kuipa kila nukta baiti yake moja, rangi 256. Njia hiyo ilikula kumbukumbu na haikuwa na msaidizi wa kusogeza picha, kwa hiyo kwa miaka kadhaa ilionekana ya kijinga. Doom ilipotaka kupaka kuta za pande tatu nukta kwa nukta, njia ya kijinga ikawa ndiyo njia inayotakiwa, na werevu wa matabaka ukawa mzigo, kwa sababu kila nukta ilihitaji kuguswa mara nyingi. Kwenye karatasi hakuna namba iliyobadilika. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Tarehe 29 Aprili 1994 Commodore walitangaza kufilisika. Atari nao hawakukaa sana katika kompyuta. Agosti 1995 Windows 95 ikatoka kwa foleni za usiku wa manane, na kwa mtu wa kawaida vita vikawa vimekwisha. Mfumo wenyewe ulifanya mambo mengi ambayo Amiga iliyafanya miaka kumi nyuma.

Lakini hadithi ina mkia wake, na hapo ndipo wale wanaosema namba hazina maana hukosea. Mwaka 1987 Acorn wa Cambridge walitoa Archimedes, yenye prosesa waliyoibuni wenyewe na kuiita ARM. Ilikuwa na kasi ya kushangaza kwa umeme mdogo sana. Nje ya shule za Uingereza mashine yenyewe haikufika mbali. Karatasi yake ilishinda, programu zake zikashindwa. Ila mwaka 1990 Acorn, Apple na VLSI walianzisha kampuni ya kuendeleza prosesa ile peke yake. Simu za mkononi zilipohitaji akili nyingi kwa betri ndogo, matumizi madogo ya umeme, sifa ambayo mteja wa mwaka 1987 hakuipa thamani yoyote, ndiyo iliyotafutwa na kila kiwanda. Leo karibu kila simu mkononi mwa msomaji inatumia prosesa ya ukoo huo, na tangu mwaka 2020 hata kompyuta za Apple.

Niliporudi Mombasa katika miaka ya tisini, nilizikuta ofisi za taipu na shule za kompyuta zimejaa PC za mitumba. Sanduku la kampuni hii, diski ya ile, kibodi ya tatu, na kumbukumbu iliyong'olewa kutoka mashine iliyokufa. Chumvi ya bahari ilikula miguu ya chipu, vumbi lilijaza feni, na umeme ulikatika bila hodi. Zilifanya kazi, kwa kuwa kila kipuri kilipata mwenzake na shule ya fundi wa mtaani ilikuwa zilezile mbovu za jana. Nilimkumbuka yule mzee wa Kariakoo, na nikaelewa kwamba alisoma karatasi vizuri kuliko sisi wauzaji. Alitazama kile ambacho mashine itahitaji baada ya kutoka dukani.

Miaka kumi na kitu baadaye tuliuona ushahidi mwingine, safari hii ukitokea kwetu wenyewe. Machi 2007 Safaricom walizindua M-Pesa. Miezi mitatu baadaye Apple wakaanza kuuza iPhone, simu yenye karatasi ya kutamanisha. M-Pesa haikuhitaji skrini ya kugusa wala intaneti. Ilikaa ndani ya laini, kwenye menyu ya SIM, ikafanya kazi kwenye simu ya tochi ya bei ya chini kabisa. Waliobuni huduma ile walianza na simu ambayo Mkenya anayo tayari mfukoni, na wakala aliye karibu na nyumbani kwake. Uwezo wa simu ulikuwa mdogo, uwezo wa mtandao wa watu ukawa mkubwa, na fedha za ukoo mzima zikaanza kupita humo.

Basi, je, namba zina maana? Zina maana, kwa masharti. Zina maana unapolinganisha mashine za jamii moja: PC hii na PC ile, Android hii na Android ile, zinazoendesha programu zilezile. Hapo kumbukumbu ya ziada ni kumbukumbu ya ziada kweli. Zina maana pia kwa kazi yenye kiwango cha chini kisichoepukika: aliyetaka Doom alihitaji angalau 386, na anayehariri video leo hawezi kujidanganya kwa mashine ya kuandikia barua. Lakini ukivuka kutoka jamii moja kwenda nyingine, namba zinaacha kuzungumza lugha moja. Megahezi 7 za Amiga hazikuwa sawa na megahezi 7 za PC, na leo iPhone hufanya kazi vizuri ikiwa na kumbukumbu ndogo kuliko Android nyingi zinazoshindana nayo, kwa sababu mfumo wake unaitumia kwa namna nyingine.

Ninawapa vijana wanaoniuliza mpangilio ambao tajiri wangu aliutumia kwa kila aliyeingia mlangoni, bila kuuandika popote. Kwanza kazi gani. Pili programu gani inayoifanya kazi hiyo, na inaendeshwa na mashine ipi. Tatu ni nani walio karibu nawe wanaoijua mashine hiyo, wa kukufundisha na wa kuitengeneza. Nne itaongezwa nini au kubadilishwa nini miaka mitatu ijayo. Ukishayajibu hayo, mara nyingi zitabaki mashine mbili au tatu za jamii moja, na hapo ndipo pa kufungua karatasi na kuhesabu. Muuzaji akianza kukutajia gigabaiti kabla hajakuuliza kazi yako, mrudishe kwenye kazi. Akishindwa kuizungumzia, nenda duka la pili.